Kinga ya nyaya chini ya boneti: mwongozo kamili wa kuikagua na kuitengeneza

Toyota Noah moja ililetwa kwangu ikiwa imeshabadilishiwa koili mbili (zinazozipa plagi umeme) na plagi zote nne, na bado inamisi, yaani injini inakosa moto. Kwenye lami iliyonyooka ilitulia; ikifika kwenye matuta tu, injini inakatakata na taa ya onyo inawaka. Maelezo hayo ya mwenye gari yalinitosha kuanza na nyaya kabla ya kugusa kitu kingine. Nyuma ya injini, pale wayaringi (kifungu cha nyaya za gari) inapopanda juu ya bano la chuma, hosi ya plastiki inayozifunika nyaya ilikuwa imelika upande mmoja. Waya mmoja wa koili ulikuwa umebaki na shaba wazi, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Gari likitikisika, shaba inagusa chuma. Kazi nzima ilichukua chini ya saa moja, na vifaa vyake havikufika bei ya koili moja.

Naandika mwongozo huu kwa sababu naona jambo lile lile likijirudia: waya unaungwa, unaviringishiwa tepu nyeusi, boneti inafungwa, na kilichoula waya kinaachwa palepale. Baada ya miezi michache gari linarudi na ugonjwa uleule. Kabla ya kuunga waya, tafuta kwanza kilichouumiza. Ni msuguano, au joto, au panya, au maji yenye chumvi. Kila kimoja kina alama zake na dawa yake.

Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika miaka kadhaa Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hata lile linaloonekana jipya bandarini linaweza kuwa na plastiki iliyopikwa na injini kwa muda mrefu. Hosi inapasuka ukiikunja, klipu zinavunjika ukizigusa. Usishangae, na usizilazimishe.

Vifaa

Utahitaji spana namba 10, bisibisi bapa ndogo ya kufungulia lachi za soketi (viunganishi vya nyaya), mita ya umeme, tochi, kioo kidogo chenye mpini, koleo la kumenyea waya na koleo halisi la kubania viungo. Plaizi ya kawaida haibani kiungo, inakiponda tu.

Kwenye duka la vipuri nunua hosi ya nyaya yenye mikunjo, ile iliyopasuliwa kwa urefu. Tepu ya kitambaa ya magari. Mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Viungo vya shaba vya kubana. Na kebotai (mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya) nyeusi za nje, maana nyeupe nyingi huchakaa haraka kwa jua na joto.

Waya wenyewe uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene utakatika kwa mtikisiko. Kuna pia waya wa bei rahisi ambao ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani ukiona weupe, rudisha dukani. Unavunjika upesi, unapata moto kuliko shaba ya unene uleule, na huku pwani unaoza haraka.

Kabla ya kugusa chochote

Injini ipoe kabisa. Zima swichi, toa funguo, kisha fungua tamino (kichwa cha kuungia kebo) ya hasi ya betri na uiweke pembeni, isiweze kurudi yenyewe. Hasi ndiyo inayotangulia kwa sababu bodi yote ya gari ni hasi: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepiga shoti ya moja kwa moja kwenye betri. Kama una pete au saa ya chuma, ivue. Nimeona pete ikiacha alama ya kuungua kwenye kidole cha fundi, na haikuchukua hata sekunde mbili.

Subiri angalau sekunde 90 kabla ya kufungua soketi yoyote, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mifuko ya hewa uishe. Nyaya na soketi za njano za mifuko hiyo usizipime kwa mita wala usizikate. Na kama gari ni la haibridi, linalotumia petroli na mota ya umeme, mfano Prius au Aqua, zile kebo nene za rangi ya chungwa zina umeme wa volti mia kadhaa, unaoua. Ukiona ganda la chungwa limechubuka, funga boneti na ulipeleke gari kwa fundi aliyefunzwa haibridi. Hapo hakuna cha kujaribu nyumbani.

Piga picha za simu kutoka pande zote kabla hujafungua klipu ya kwanza. Baadaye zitakuonyesha waya ulipita juu au chini ya bomba lipi.

Hatua ya 1: Kagua kwa macho na vidole

Anza kwenye betri na ufuate njia ya umeme. Kutoka tamino ya chanya kuna kebo inayokwenda kwenye boksi la fyuzi na nyingine inayokwenda kwenye stata, mota inayoanzisha injini. Kebo ya stata kwa kawaida haina fyuzi ya kawaida njiani, kwa hiyo ganda lake likilika na kugusa chuma, hakuna kitu cha kukata umeme kabla ya moto. Ikague kwa urefu wake wote, hasa inapokaribia injini kwa chini.

Angalia chini ya kitako cha betri. Tindikali ikivuja hushuka hapo na kula ganda la nyaya pamoja na bati. Unga mweupe au wa kijani kwenye tamino unauosha kwa maji ya moto yenye bikaboneti ya kuokea, ukiziba nyaya za jirani kwa kitambaa, kisha unasuuza na kukausha.

Sehemu nne nyingine nakuomba usiziruke. Ya kwanza ni nyuma ya injini, kati ya injini na ukuta unaotenga chumba cha abiria. Hapo mwanga haufiki, ndiyo maana kioo na tochi vinahitajika. Ya pili ni juu ya manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza la moshi kutoka kwenye injini), ambayo injini ikifanya kazi ngumu hupita nyuzi joto 400. Ya tatu ni pale wayaringi inapoingia ndani ya gari kupitia tundu la ukuta: lazima pawe na raba. Mtu akipitisha waya wa redio au alamu bila raba, ukingo wa bati unaukata taratibu kama msumeno. Ya nne ni kila mahali waya unapotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini. Injini inacheza kwenye raba zinazoibeba, bodi haichezi, na waya uko katikati. Raba hizo zikifa, injini inavuta nyaya kila ukikanyaga mafuta. Ukiona waya umekazwa kama kamba ya nguo, kagua raba za injini kabla ya kurefusha waya.

Sasa soma alama. Msuguano huacha sehemu moja iliyong'aa au bapa, na upande wa pili wa waya ukiwa mzima. Joto hufanya ganda kuwa gumu, la kahawia, lenye nyufa pande zote. Panya huacha meno mafupi yaliyopangana, vipande vya plastiki, kinyesi, na mara nyingi nyasi au sponji kwenye kona ya boneti. Chumvi na maji huacha kijani ndani ya soketi, na ukimenya waya unakuta shaba nyeusi badala ya nyekundu. Weusi huo hutambaa ndani ya ganda bila kuonekana kwa nje, kwa hiyo ukiukuta, endelea kukata nyuma hadi ufikie shaba inayong'aa.

Pitisha vidole kwenye kila kifungu. Vidole hugundua uvimbe wa kiungo cha zamani ambacho macho yameshindwa kukiona. Kila tepu nyeusi inayonata ifungue uone ilificha nini.

Hatua ya 2: Pima

Rudisha betri kwa muda. Betri iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi; injini ikiwaka, alternata (inayochaji betri) inapaswa kuleta kati ya 13.8 na 14.5 kwenye magari mengi. Hizo zikiwa sawa, pima erthi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), maana nyaya nzima zenye erthi mbovu zitakudanganya siku nzima. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye tamino ya hasi yenyewe, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, kebo ya erthi au bolti yake ina kutu. Fungua, piga msasa hadi chuma kionekane, kaza, kisha paka grisi juu ili unyevu usiingie.

Kutafuta waya unaogusa mara kwa mara, washa injini na utikise vifungu kimoja kimoja kwa kijiti kikavu cha mbao, si kwa mkono. Mikono, mikufu na mikono ya shati ikae mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa. Injini ikikatika ukitikisa sehemu fulani, umeipata.

Mita ikilia kuonyesha waya umekamilika, usiiamini moja kwa moja. Waya wenye nyuzi 20 ukibakiwa na uzi mmoja bado utalia, lakini hautabeba taa. Kwa nyaya za nguvu kama za taa kubwa na honi, unganisha balbu ya breki ya wati 21 mwisho wa waya: ikiwaka kwa nguvu, waya unafaa; ikiwa hafifu, waya umekufa katikati. Jaribio hili usilifanye kwenye nyaya za sensa wala za kompyuta ya injini. Balbu inavuta takriban ampea 2, na umeme huo unaweza kuunguza sehemu ndani ya kompyuta.

Hatua ya 3: Amua waya unahitaji nini

Fungua tamino ya hasi tena. Pasua hosi iliyochakaa kwa mkasi wenye ncha butu, si kwa wembe, kwa sababu wembe utakuongezea kazi. Gundi ya tepu ya zamani ifute kwa kitambaa chenye spiriti. Petroli isitumike: inalainisha plastiki, na mvuke wake unasubiri cheche moja.

Ganda likiwa limechubuka lakini shaba haionekani, waya hauhitaji kuungwa. Ufunike vizuri na uondoe kilichokuwa kinausugua. Shaba ikiwa inaonekana lakini nyuzi zote ni nzima na zinang'aa, ufungue kwenye soketi yake kama inawezekana, uingize mpira wa kusinyaa, uusinyaze juu ya jeraha. Nyuzi zikiwa zimekatika au zimekuwa nyeusi, kata na uunge kipande kipya cha unene uleule au unaozidi kidogo, usiopungua.

Aina tatu za nyaya zina masharti yake. Zilizosokotana mbili mbili zimesokotwa ili zisipokee kelele za umeme. Ukiziunga, zisokote tena hadi karibu kabisa na kiungo. Waya wenye kitambaa cha nyuzi za chuma ndani ya ganda lazima urudishiwe kitambaa hicho. Na waya wa sensa ya oksijeni kwenye ekzosi usiulehemu wala kuupaka grisi. Sensa nyingi za aina hiyo hupata hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya wake; ukiuziba, sensa inaanza kusema uongo na gari linakula mafuta.

Hatua ya 4: Unga

Mafundi wengi hapa tunalehemu, nami nililehemu kwa miaka. Sasa chini ya boneti nabana. Risasi ya kulehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatika kwa mtikisiko. Kiungo cha kubana, kikibanwa kwa koleo lake, huvumilia zaidi.

Ingiza mpira wa kusinyaa kwenye waya kabla ya kuunga. Kila fundi amewahi kuusahau. Menya milimita 7 au 8 kila upande bila kukata uzi hata mmoja, ingiza kwenye kiungo, bana, kisha vuta kwa nguvu ya mkono. Kikitoka, hakikuwa kimeunga. Viungo vyenye ganda la rangi vina saizi zake: chekundu ni cha waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, cha bluu 1.5 hadi 2.5, cha njano 4 hadi 6.

Pasha mpira kuanzia katikati kwenda pembeni hadi gundi itokeze kidogo pande zote mbili. Hiyo gundi ndiyo inayozuia maji. Kiberiti kinaunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Bunduki ya hewa ya moto ni bora. Kama nyaya kadhaa zimeliwa sehemu moja, viungo vyake vipishanishe kwa sentimita 3 au 4. Vikikaa pamoja unapata fundo nene, na fundo nene ndilo litakalosuguliwa kwanza.

Hatua ya 5: Rudishia kinga

Tepu nyeusi ya plastiki ya duka la umeme haifai kuwa kinga chini ya boneti. Nyingi huishia kwenye nyuzi joto 80, na gundi yake huyeyuka mapema zaidi, ndiyo maana unakuta imelegea na kuteleza kama ngozi ya nyoka. Tepu ya kitambaa iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hustahimili kati ya 125 na 150. Iviringishe kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, bila kuivuta sana. Waya ulionyongwa kwa tepu hauwezi kujikunja.

Juu ya tepu weka hosi yenye mikunjo, na mpasuo wake uangalie chini ili maji yasikae ndani. Hosi ikae bila kubana wala kupwaya. Ifunge ncha zote mbili kwa tepu. Mahali penye msuguano mkali, ongeza kipande cha pili cha hosi pana zaidi juu ya ya kwanza.

Karibu na ekzosi hosi ya plastiki haikai. Kwanza jaribu kuuhamisha waya uwe angalau sentimita 10 mbali. Ikishindikana, tumia soksi ya nyuzi za kioo yenye karatasi ya alumini juu, inayorudisha joto lilikotoka. Na kama gari lilikuwa na bati la kukinga joto likatupwa na mtu kwa sababu lilikuwa linapiga kelele, lirudishe. Bati lile ni sehemu ya kinga ya nyaya.

Hatua ya 6: Funga mahali pake

Waya uliofunikwa vizuri lakini unaning'inia utaharibika tena. Rudisha kila klipu, na iliyovunjika iwekee kebotai, takriban kila sentimita 15 hadi 20. Ncha ya kebotai ikatwe usawa kabisa; ikiachwa na kona kali inachana mikono na hosi ya jirani. Usifunge wayaringi kwenye bomba la mafuta, bomba la breki wala bomba la rejeta.

Kati ya injini na bodi acha ulegevu. Kabla ya kuingia kwenye soketi, waya ushuke kidogo kisha upande, ili maji yanayotembea juu yake yadondoke pale chini badala ya kuingia ndani. Soketi yenyewe isafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, hakikisha raba yake ya ndani ipo, na uipake raba hiyo grisi ya silikoni kidogo.

Fyuzi

Fyuzi ipo kuulinda waya, siyo kifaa. Taa kubwa mbili za wati 55 zinavuta ampea 9 hivi, na mtengenezaji amechagua fyuzi kulingana na unene wa waya unaozipelekea umeme. Ukiweka ya 30 mahali pa 15 kwa kuwa ya 15 inakatika, sasa waya ndio utakaokatika, kwa moto. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Karatasi ya pakiti ya sigara na kipande cha waya nimevikuta kwenye boksi za fyuzi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Vitoe, weka fyuzi ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, na ikikatika, rudi hatua ya 1.

Panya na maji ya kuoshea

Panya hufuata joto la injini usiku na mabaki ya chakula. Safisha viota vyote, na osha mkojo wao, maana harufu yake huwaita wengine. Usiegeshe karibu na jalala wala stoo ya mahindi. Honda huuza tepu yenye ukali wa pilipili kwa kazi hii. Usipoipata, kitambaa cha wavu laini wa chuma juu ya hosi husaidia, mradi kisiguse tamino wala shaba yoyote na kifungwe imara. Sumu siipendi: panya akifia ndani ya mfereji wa hewa, mtaishi naye wiki mbili.

Kuosha injini kwa mashine ya presha nakushauri uache. Maji yenye presha hupita kwenye raba za soketi ambazo mvua haiwezi kuzipita. Tumia brashi, sabuni laini na maji kidogo, ukiwa umefunika alternata, boksi la fyuzi na koili kwa mfuko wa plastiki.

Kurudisha betri na kufuatilia

Chanya kwanza, hasi mwisho. Magari mengine yatasahau saa, redio na vioo vya kupanda vyenyewe, na mwendo wa injini ikiwa imesimama unaweza kuyumba kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya. Kama una wasiwasi kwamba kuna kitu bado kinanyonya umeme, zima kila kitu, funga milango, weka mita ya ampea kati ya tamino ya hasi na kebo yake, usubiri nusu saa ili kompyuta zilale. Magari mengi hubaki chini ya ampea 0.05. Usipige stata wala kuwasha taa mita ikiwa bado iko hapo, utaiunguza.

Endesha wiki moja kwenye barabara zako za kawaida, kisha fungua boneti na upitishe vidole pale ulipotengeneza. Ukikuta sehemu ya tepu imeanza kung'aa, bado inagusa kitu: fungua klipu ya karibu, isogeze njia ya waya kwa sentimita 2 au 3, funga, na uangalie tena wiki inayofuata.